Saa ya Dhoruba na Saa ya Boti

Wazo la kuwafundisha watabiri wetu wa hali ya hewa kwa simulesheni za mtandaoni naliunga mkono. Norman, Oklahoma, kule Marekani, watabiri wamefundishwa kwa mtindo huu miaka mingi: kompyuta inarudisha dhoruba iliyokwisha kupita, picha za rada zinafunguka kwa mwendo uleule wa siku ile, na mwanafunzi anaamua atoe tahadhari au angoje. Akikosea, hafi mtu. Sasa data ikikaa kwenye seva za mbali, mtabiri wa Kisumu mwenye intaneti nzuri (na stima, tusisahau stima) anafanya zoezi hilo bila kupanda basi kwenda chuo cha hali ya hewa cha Dagoretti, Nairobi.

Ninalokataa ni kuletewa dhoruba za Oklahoma tu. Ziwa Victoria lina tabia zake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, mawingu yakajijenga juu ya Nandi na Kericho, mvua ya mawe ikapiga majani chai. Usiku mambo hugeuka: upepo wa nchi kavu hushuka kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto, hewa ikapanda, na radi zikaanza. Na usiku ndio wavuvi wa omena (dagaa) wako ziwani na taa zao.

Tahadhari ya saa sita usiku, basi, inaweza kuwa sahihi kabisa na isimfae mtu. Boti zilishaondoka ufuo wa Dunga, Kisumu. Aliyeko majini hata akiipata, akimbilie wapi? Katika zoezi letu mtabiri apewe saa kumi jioni, anga ya ziwa ikiwa nyeupe, rada haina kitu, ana picha za setilaiti na matokeo ya modeli za kompyuta basi. Aambiwe: boti zinatoka saa mbili kutoka sasa, unasema nini? Hilo ni gumu kuliko kuiona dhoruba na kupiga kelele. Tena akitisha watu bure, mvuvi aliyelala nyumbani bila kipato hatamsikiliza wiki ijayo.

Hatuanzi mwanzo kabisa. Mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulishashughulikia tahadhari za ziwa hili. Kilichobaki ni kuhifadhi usiku wetu wenyewe, uliochafuka na ulioishia shwari, uwe mitihani.

Na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo wa wavuvi, aketi humo chumba cha mazoezi. Mtabiri akiandika "mawimbi ya wastani", amuulize papo hapo: twende au tusiende?