Ziwa Moja, Sheria Nne

Ziwa Tanganyika limegawanywa na nchi nne, na wanaume wawili wanaopendana wana hesabu nne tofauti kutegemea wamelala ufukwe upi. Hapa Kigoma, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisipungue miaka 30. Wakishuka kusini hadi Mpulungu, upande wa Zambia, ni miaka 15 hadi maisha. Wakipanda kaskazini hadi Rumonge au Bujumbura, ni miezi mitatu hadi miaka miwili. Wakivuka kwenda Kalemie, Kongo, hakuna kifungu kinachowataja.

Naanza na ramani hiyo kwa sababu mjadala wa ushoga, vijiweni hata kwenye mahubiri, huendeshwa kana kwamba dunia ina njia mbili tu. Kuna ya Marekani na Ulaya, ambako wawili hao wanafunga ndoa na kupiga picha kwenye ngazi za manispaa, na kuna ya kwetu, ya jela. Njia ya tatu iko ng'ambo ya maji, kwa watu tunaouziana nao dagaa na vitenge na kuongea nao Kiswahili, na hakuna anayeitaja.

Tofauti hizo hazikutokana na tabia za watu wa ziwani. Wabembe wako pande zote mbili, na Muha na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani. Zilitokana na mkoloni gani aliandika kitabu cha sheria. Wabelgiji walifuata mkondo wa Ufaransa, ambako kanuni ya adhabu ya 1791 iliacha kulihesabu jambo hili kuwa jinai. Waingereza walikuwa na mkondo wao wa kuadhibu, ulioandikwa India mwaka 1860 na kuingia katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya 1930. Na wengi wamesahau kwamba Kigoma na Ujiji zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu 1916, walipowatoa Wajerumani, hadi 1921 walipozikabidhi kwa Waingereza. Mikataba ya baada ya vita ingechorwa tofauti kidogo, huenda kifungu cha 154 kingeishia Mto Malagarasi.

Watetezi wa usawa huishika historia hii kwa mikono miwili: mnasema ushoga umeletwa na wazungu, kumbe kilicholetwa ni sheria ya kuukataza! Ni hoja tamu, na ina ukweli ndani yake. Ila haifiki mbali. Burundi ilikaa bila katazo hilo enzi zote za Wabelgiji na miongo kadhaa ya uhuru, kisha mwaka 2009 ikajiwekea yenyewe. Baraza la Seneti lilikikataa kipengele hicho, maelfu wakaandamana Bujumbura kukiunga mkono, bunge likakirudisha, na rais akatia saini. Hakuna mzungu aliyewasukuma. Desemba 2023 Rais Ndayishimiye alikwenda mbali zaidi akasema watu hao wapelekwe uwanjani wapigwe mawe. Hata kwetu, adhabu ya mkoloni ilikuwa miaka 14. Waliopandisha hadi 30 na maisha ni wabunge wetu, katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Uingereza yenyewe ilianza kuachana na kosa hilo mwaka 1967. Kwa hiyo anayetaka kuitetea au kuipinga sheria hii aitaje kuwa yetu sasa, na aonyeshe inafanya kazi gani.

Hapo ndipo Kongo inaponisaidia kufikiri. Wanaosema sheria ikilegezwa jamii itasambaratika wana jirani wa kumtazama, jirani asiyekuwa na sheria hiyo kwa zaidi ya miaka mia. Nenda Uvira au Kalemie. Harusi zinafungwa, mahari inadaiwa, watoto wamejaa viwanjani, makanisa yanakesha. Kongo ina shida zake kubwa, na wakimbizi wa Nyarugusu pale Kasulu wanaweza kuzisimulia moja baada ya nyingine: bunduki, madini, uporaji wa mashamba. Sijawahi kusikia mmoja aseme alikimbia kijiji kwa sababu kanuni ya adhabu ilikosa kifungu kuhusu wanaume wawili.

Wala ukimya wa sheria haukuwafanya Wakongo wabariki jambo lenyewe. Katiba yao ya 2006 inasema ndoa ni ya watu wa jinsia tofauti. Vatican ilipotoa waraka wa Desemba 2023 ulioruhusu mapadri kuwabariki wawili wa jinsia moja kwa masharti, aliyeongoza maaskofu wa Afrika kusema baraka hizo hazitatolewa huku kwetu alikuwa Kardinali Ambongo wa Kinshasa. Mtu anaweza basi kukataa baraka, akakataa na ndoa, bila kumwita polisi. Lakini asidhani Kalemie ni pepo kwa wapenzi hao. Mitaa inaweza kumtesa mtu bila msaada wa hakimu, na sheria za maadili ya hadharani zinatosha kumsumbua.

Sasa niseme upande ninaouona mzito zaidi dhidi yangu, kwa sababu mimi msimamo wangu ni kwamba serikali haina kazi chumbani kwa watu wazima wawili walioridhiana. Hoja hiyo nzito ni ukoo. Aliyekulia hapa anajua ndoa ya kijana wa Kiha haikuwa jambo lake peke yake. Baba wadogo wanahesabu ng'ombe, mashangazi wanauliza binti ni wa nani, na swali wanalomuuliza kijana aliyechelewa kuoa ni moja: utatuachia nani? Kwa mkulima wa Buhigwe au mvuvi wa Katonga, mtoto ndiye pensheni. Hakuna mfuko wa hifadhi utakaompelekea chakula akiwa na miaka 75. Anaposikia habari za haki ya mtu kupenda amtakaye, anachosikia ni mwanawe kujiondoa kwenye deni ambalo yeye alilipa kwa baba yake. Watetezi wengi wa mijini hulipita hili kama ujinga wa wazee, nami naona hapo ndipo wanapompoteza msikilizaji. Hofu ya kuzeeka peke yako katika nchi isiyo na pensheni kwa wakulima ni hofu ya mtu mwenye akili timamu.

Ila nikiifuata hoja hiyo hadi mwisho wake, nafika mahali ambapo wazee hawapendi kufika. Kijana analazimishwa, anaoa. Mahari inalipwa, wageni wanakula pilau, ukoo unalala usingizi. Anayebaki macho ni mke. Yeye ndiye anayeishi miaka na mume asiyemtamani, akijilaumu, akizunguka kwa waganga, akiambiwa na mama mkwe kwamba hajui kumtunza mume. Mumewe naye anaendelea na maisha ya siri, na kwa kuwa siri hiyo ina gharama ya miaka 30, hawezi kumweleza muuguzi ukweli wa mwili wake. Mwaka 2016 wizara ya afya ilizuia vilainishi vilivyokuwa vikigawiwa kwenye miradi ya Ukimwi. Mwaka uliofuata ikasimamisha vituo vilivyokuwa vikiwahudumia wanaume hawa. Ugonjwa haukusoma tangazo. Ulibaki na njia yake, na njia hiyo ilipita kwa mke. Katika mijadala yote ya kulinda familia niliyosikia, huyu mama hajapewa kipaza sauti hata dakika moja, ilhali ndiye familia yenyewe.

Ninyi wazee wetu, shikamooni, lakini huyu binti naye alikuwa wa mtu.

Kuna jambo jingine la kila siku. Mji huu una desturi nzuri ya ukaribu wa wanaume. Marafiki wanatembea wameshikana mikono barabara ya Mwanga na hakuna anayegeuka. Vijana wawili wanapanga chumba Gungu, godoro moja, kodi nusu kwa nusu. Wavuvi wanakesha ziwani na taa zao, asubuhi wanapika wenyewe, wanafuliana, wanalala wamebanana kambini. Wanawake wawili wanaoanika dagaa pamoja Kibirizi wakiishi nyumba moja miaka kumi wataitwa ndugu. Tulikuwa na tabia ya kusitiriana, ya kutouliza kinachopita baada ya mlango kufungwa, na ndani ya sitara hiyo bila shaka waliishi pia wapenzi wa jinsia moja, bila kelele. Siipambi mno tabia hiyo. Ilimtaka mtu anyamaze maisha yake yote, na kunyamaza maisha yote ni mzigo. Lakini haikumvunjia mtu mlango.

Kilichokuja kuibomoa ni dhana potofu zinazopewa mamlaka. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wamtumie majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilisema huo ulikuwa mtazamo wake binafsi, si msimamo wa serikali. Kikosi kiliishia hewani, ila somo lilibaki kwamba jirani ni mtu wa kuripotiwa. Na anayeripotiwa huchaguliwa kwa dalili gani? Sauti nyembamba. Suruali ya kubana. Kujua kupika. Kutokuoa hadi miaka 35. Kwa vipimo hivyo nusu ya mafundi cherehani wa mji huu wangekuwa mahabusu, na yule baba wa watoto sita mwenye kifua kipana, ambaye huenda ndiye mwenyewe, angekaa kwenye kamati ya kuwakamata.

Dhana mbaya kuliko zote ni ile inayomchanganya mtu huyu na mlawiti wa watoto. Naielewa inatoka wapi. Habari tunazosoma magazetini chini ya kifungu hiki ni za watoto walioharibiwa na walimu, majirani, hata baba zao, na hasira ya mzazi ni halali kabisa. Lakini kifungu kinawaweka pamoja waliokubaliana na aliyebaka, mtu mzima na mtoto, kwa kosa la jina moja, kujamiiana kinyume cha maumbile; kwa mtoto tu ndipo kinapoongeza ukali. Kinamgusa hata mume na mkewe wa ndoa, maana hakijali jinsia ya anayefanyiwa. Kinachomlinda mtoto ni kuuliza kama kulikuwa na ridhaa na umri. Sheria isiyouliza ridhaa inamfundisha mvulana aliyebakwa kwamba naye ni mshiriki wa kosa, basi ananyamaza. Nani ananufaika na ukimya wake?

Dini nazipitia kwa heshima na kwa ufupi. Ujiji ni mji wa misikiti, na makanisa yamejaa kila kata; hakuna shehe wala padri wa hapa atakayesema tendo hilo ni halali, na sitarajii aseme. Ninachouliza ni kuhusu msako. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza waumini kupelelezana na kusengenyana. Surat An-Nur inamtaka anayemtuhumu mwanamke mwadilifu kwa zina alete mashahidi wanne, la sivyo apigwe yeye viboko 80. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2358, inataka watu hawa wapokelewe kwa heshima na huruma na waepushwe na ubaguzi usio wa haki, na Papa Fransisko mwaka 2023 alisema si jinai, ingawa ni dhambi. Muumini anayetaka kushika yote mawili, katazo na staha, ana maandiko ya kutosha mkononi.

Wahisani nao wana sehemu yao ya lawama. Baada ya tangazo la 2018 Denmark ilizuia sehemu ya msaada wake, na mara moja mazungumzo yakahama kutoka kwa watu waliokuwa wanajificha hadi kwenye heshima ya taifa. Aliyekuwa akisema "ushoga ni mradi wa wazungu" alipewa ushahidi bure. Nadhani azimio namba 275 la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, lililopitishwa Luanda mwaka 2014, lina nguvu kuliko krona za Denmark. Halizungumzii ndoa. Linazitaka serikali zizuie watu kupigwa, kubakwa na kuuawa kwa sababu ya wanavyodhaniwa kuwa. Limeandikwa na Waafrika, na mzee wa Kasulu anaweza kulikubali bila kubadili imani yake hata kidogo.

Ndoa ni suala jingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ni muungano wa mwanamume na mwanamke, na sioni dalili kwamba Watanzania wa leo wanataka ibadilishwe. Anayeanzia hapo anafunga mazungumzo kabla hayajaanza. Katiba yetu ina ibara ya 16 inayotoa hifadhi kwa maisha binafsi na unyumba wa mtu, na ibara ya 30 inayoiruhusu serikali kuwekea haki mipaka. Kati ya ibara hizo mbili ndimo mjadala ungepaswa kukaa: ni madhara gani, kwa nani, yanayohalalisha miaka 30? Kalemie na Uvira wameishi bila adhabu hiyo, na anayedai Kigoma haiwezi kuishi bila yake ndiye anayepaswa kuonyesha kilichoharibika kule ambacho hakijaharibika hapa.