Tusisubiri upepo wa jirani

Juzi nimemsikia tena mchangiaji redioni akisema tusihangaike, Nairobi kumeshawaka, upepo wa mageuzi utatufikia tu. Niliumia. Kauli hiyo inawadhulumu waliojitoa mhanga, na inawabwetesha waliobaki.

Chukueni Malawi. Tumezoea kuambiwa kwamba Kaunda alipoanguka Zambia Oktoba 1991, zamu ya Kamuzu Banda, rais wa Malawi, ilikuwa imefika. Ilifikaje? Tarehe 8 Machi 1992 waraka wa maaskofu Wakatoliki ulisomwa makanisani nchi nzima siku moja. Ulitaja waziwazi yale ambayo watu walikuwa wakinong'onezana: umaskini, shule duni, rushwa, hofu ya kusema. Mfikirieni padri wa kijijini anayekunjua karatasi ile mimbarini, hajui nani kati ya waumini wake ataondoka hapo kwenda kuripoti. Akaisoma hadi mwisho. Serikali ikasema ni uchochezi, maaskofu wakaitwa polisi kuhojiwa. Mwezi uliofuata Chakufwa Chihana, mtu wa vyama vya wafanyakazi, alipanda ndege kurudi nyumbani akijua kinachomngoja. Walimkamata palepale uwanja wa ndege, ameanza kusoma tamko lake.

Haya, nakubali: Chihana alitokea Lusaka, na wapinzani wa Banda walikutana huko. Jirani aliwapa mahali pa kukutania, na si jambo dogo. Lakini waliopanga foleni Juni 1993 kupiga kura ya maoni na kukataa chama kimoja ni Wamalawi wenyewe.

Zimbabwe nayo inapakana na Zambia hiyohiyo, ni Zambezi tu katikati. Lakini upepo huo haukumng'oa Mugabe; alikaa madarakani hadi 2017.

Watawala nao wana toleo lao la hadithi hii: vijana wakiandamana, basi wamechochewa na nchi jirani. Kana kwamba mtu hawezi kuiona njaa ya nyumbani kwake bila kuonyeshwa na mgeni!

Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana, Rais Ruto aliurudisha Muswada wa Fedha, ule wa kodi, bila kuutia saini. Mwezi uliofuata vijana wa Kampala walijaribu kuandamana hadi bungeni kupinga ufisadi, na makumi yao wakakamatwa. Nairobi iliwatia moyo, ndiyo. Lakini wizi walioupinga ni wa Uganda, na polisi waliowapakia kwenye magari ni wa Uganda. Nataka tuwahesabie ujasiri ule kuwa wao.