Nendeni Kisumu Siku Ambayo Hamna Shida

Huku kwetu Luanda, kaunti ya Vihiga, mtu akiaga kwamba kesho anaenda Kisumu, swali la kwanza analoulizwa ni: "Kuna nini?" Tumezoea kwenda mjini tukiwa na jambo. Mgonjwa amehamishiwa hospitali kubwa. Cheti cha kuzaliwa kimekosewa jina. Mtoto ameitwa sekondari na sare hazijanunuliwa. Mwili unatolewa mochari. Mji uko karibu, unaenda na kurudi kabla ya ng'ombe kukamuliwa jioni, lakini wengi wetu tunaujua kwa shida zake tu.

Mimi nasema familia iende mjini siku ambayo haina shida yoyote. Iende kutazama. Na iende yote: baba, mama, watoto, na mzee wa nyumba ikiwa miguu bado inamruhusu.

Najua nitaambiwa habari ya pesa. Sibishi, nauli ya watu sita si mchezo. Lakini nimeona pesa nyingi kuliko hizo zikitolewa kwa hema, viti vya kukodisha na spika kubwa siku ya sherehe, na hakuna aliyenung'unika. Wengine hungoja wapate za kwenda Nairobi, wapande hadi juu ya jengo la KICC, walale kwa jamaa Kayole. Nairobi ni nzuri, na wenye uwezo waende. Ila mtoto anayengojeshwa Nairobi mwaka baada ya mwaka anaweza kumaliza shule hajawahi kutia mguu Ziwa Victoria, na ziwa lenyewe liko nusu saa tu kutoka kwao barabara ikiwa nyeupe.

Na ziara za shule je? Zinasaidia, nazishukuru. Lakini mtoto anarudi jioni na hadithi ya simba, mamba na meli, na nyumbani hakuna aliyeviona wa kuzungumza naye. Mzazi anaitikia tu, "Ee, vizuri, sasa kaoge." Hadithi inakufa hapo mlangoni. Hilo ndilo lililonisukuma zaidi ya yote.

Mama mkwe wangu, wajukuu wanamwita Kukhu, anaijua Kisumu tangu ujana wake. Yaani anaijua hospitali ya Russia. Jina rasmi siku hizi ni la Jaramogi Oginga Odinga, lakini ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti miaka ya 1960, na watu wa rika lake hawana jina lingine kwayo. Pale amelaza watoto. Pale alimuuguza mumewe hadi mwisho. Kutoka stendi hadi hospitali, kutoka hospitali hadi stendi, na mkononi kikapu cha uji: hiyo ndiyo iliyokuwa Kisumu yake. Ziwa alikuwa akiliona kwa mbali kupitia dirisha la matatu, pale Kisian, akili ikiwa kwa mgonjwa. Tulipomwambia aje nasi kutembea, aliuliza nani anaumwa.

Alikuja. Tulipanda matatu asubuhi, na Maseno tukapita kibao cha ikweta, watoto wakiwa wamebandika nyuso kwenye kioo kwa sababu baba yao aliwaambia wakae chonjo. Mjini tulianza na mnara wa saa kwenye barabara ya Oginga Odinga. Upo pale tangu 1938, ukumbusho wa Kassim Lakha uliowekwa na wanawe. Maelfu hupita chini yake kila siku wakikimbilia shughuli. Sisi tulisimama, tukasoma maandishi, na kijana wangu mkubwa akataka kujua kama na yeye atalazimika kumjengea baba yake saa.

Watoto wa Luanda wanaijua reli. Ile ya Kisumu hadi Butere inakatiza kwetu, wanairuka wakienda dukani. Hawakuwa wanajua kwamba hapa mjini ndipo reli ya kutoka Mombasa ilipofika ukingo wa maji Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence, na mizigo ya Uganda ikawa inashushwa kwenye behewa na kupandishwa kwenye meli. Mji huu ulikua kwa sababu reli iliishia majini. Ukimweleza mtoto hayo darasani anaandika na kusahau. Ukimweleza akiwa anaiona bandari, anaanza kukuuliza meli zilitoka wapi na zililetwaje ziwani wakati hakuna mto wa kuzipitisha. Jibu ni kwamba zililetwa vipande vipande na kuunganishwa papa hapa, na sijawahi kuona watoto wakinyamaza kusikiliza kama walivyonyamaza kwa jibu hilo.

Makumbusho ndiyo ninayotaka kuizungumzia kwa kirefu, maana hapo ndipo nilipoona kwamba mzee si mzigo katika safari kama hii.

Makumbusho ya Kisumu ilifunguliwa 1980, iko kando ya barabara ya kwenda Kericho. Ina nyoka, ina mamba, ina samaki wa ziwa kwenye vioo. Watoto walikwenda mbio huko. Kukhu alitazama nyoka mmoja akatoka. Lakini nyuma kuna boma la jadi la Wajaluo, Ber-gi-dala, lenye nyumba za wake kila moja mahali pake, ghala za nafaka na zizi. Sisi si Wajaluo, ila majirani wa miaka mingi hufanana mengi. Kukhu alipoingia pale alibadilika. Aliinama akachungulia chini ya ghala, akaeleza kwa nini linainuliwa kutoka ardhini na kwa nini paa lake hufunuliwa kama kifuniko. Akaonyesha mahali jiwe la kusagia lilipokuwa kwao, na jinsi msichana aliyesaga wimbi vibaya alivyorudishiwa unga asage tena. Akasema hapa wenzetu wanafanya hivi, sisi tulifanya vile. Watoto waliacha mamba wakaja kumzunguka. Familia nyingine ambayo hatukuijua ikasogea nayo, na mama mmoja akamuuliza swali kwa heshima, "Na vyungu, Mama, mlivichoma wapi?" Kukhu akamjibu kikamilifu, akiwa ameketi kizingitini.

Nyumbani huwa hawamuulizi mambo hayo. Hakuna ghala tena, unga unatoka dukani, swali litaanzia wapi? Kwa hiyo nikisikia mtu akisema wazee wabaki kulinda nyumba kwa sababu watachoka, nasikitika. Watachoka, ndiyo. Basi mtembee polepole, mwone vitu vitatu badala ya saba. Kuku wanaweza kulindwa na jirani.

Kutoka hapo tulikwenda hifadhi ya swala, Impala Sanctuary, kando ya ziwa. Ni ndogo, mtu mzima anaizunguka bila kuhema, na ilitengwa 1992 ili swala waliobaki mjini wasimalizwe. Swala wanatembea huru, simba na chui wako ndani ya vizimba. Jambo moja la kujua: malipo ya langoni ni ya eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa simu, si noti mkononi. Anayesafiri na mzee mwenye simu ndogo ya vitufe, kabambe, ahakikishe kuna mwingine mwenye laini iliyojazwa pesa.

Halafu Dunga, ufuo wa wavuvi.

Nashauri mfike Dunga mapema kuliko sisi, maana asubuhi ziwa hutulia na kuanzia mchana upepo huinuka na mawimbi huanza kuchafuka. Mtakapopanda mashua, kila mtu avae jaketi la kujiokolea, hata baba anayejua kuogelea. Na mwagize samaki kabla ya kupanda, kwa sababu ngege mzima hukaangwa kwanza kisha akatiwa mchuzi, na watoto wenye njaa hawana subira. Mwendesha mashua wetu alitupitisha kando ya mafunjo, akawaonyesha watoto gugumaji lenye maua ya zambarau na kuwaeleza kwa nini mvuvi halipendi: linafunga njia, linanasa nyavu. Binti yangu alitaka kuchuma ua. Alikubaliwa.

Kukhu hakutaka kupanda. Alibaki ufukweni, na tuliporudi tulimkuta akizungumza na wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwani. Amepika omena maisha yake yote, anazinunua soko la Luanda kwa mkebe, lakini hakuwahi kuona zinakotoka. Wanawake wale walimwonyesha taa. Omena huvuliwa usiku, giza likiwa zito, taa zikielea juu ya maji na samaki wakizifuata. Alinishika mkono akanivuta nizione, akasema, "Mwanangu, kumbe watu hawalali ndiyo sisi tule." Aliishika taa moja, akaigeuza, akauliza inatumia nini siku hizi, mafuta au betri. Wakaeleza. Walizungumza Kiswahili na Kijaluo na Kinyore vikiwa vimechanganyika, na sikuona kama kuna aliyekosa kuelewa.

Tulikula samaki kwa ugali wa wimbi na tukatoa chapati zetu tulizobeba. Kuhusu mahali pa kuketi nina neno na wanaopanga mji. Kukhu alikula akiwa ameketi ubavuni mwa mtumbwi uliopinduliwa, kwa kuwa kiti cha bure hakikuwepo. Sehemu kubwa ya ufuo mjini iko nyuma ya nyua za hoteli, bandari na ofisi, na penye nafasi unaketi ukinunua kitu. Choo ni cha kuuliza huku na kule, na bibi wa umri ule hapaswi kuulizauliza. Familia kama yetu hainunui vingi, lakini inakuja, na ingekuja zaidi. Nauli yetu inabaki mjini, samaki tumenunua, mashua tumelipa, makumbusho tumelipa. Wageni si wale tu wanaoshuka kwenye ndege.

Ziwa hili lina karibu kilometa za mraba 68,800, na Kenya ina kama asilimia 6 yake. Katika hiyo asilimia 6 hatuwezi kukosa kipande cha ufuo chenye miti ya kivuli, viti na choo safi, ambapo mtu wa Luanda, Chavakali au Ahero anaweza kuketi na mama yake bila kuulizwa anaagiza nini.