"Nimesema moyoni bibi": mtoto anaipata wapi nafsi yake?

Jumapili ya juzi tulikuwa kwa mama Temeke, tumekaa uwani kwenye mkeka tumemaliza pilau, mama akamuuliza mjukuu wake wa miaka mitano, binti wa dada angu, "we mbona hujasema ahsante?" Mtoto akajibu, "nimesema moyoni bibi." Watu kicheko, na mama akasema moyoni ndo wapi huko, sema tusikie. Mtoto akainama, akaanza kuchokonoa ukingo wa mkeka kwa kidole. Mi lile jibu lilinigusa kwa kweli, mtoto wa miaka mitano ameshajua kwamba ndani yake kuna mahali anaweza kuongea na sisi tuliokaa nae bega kwa bega tusisikie kitu, sasa hiyo sio jeuri, hapo akili imepiga hatua.

Ubishi ukaanza hapohapo. Dada angu anakaa Goba, kampa binti chumba chake na anabisha hodi kabla hajaingia. Mama anaona anamharibu, maana kwake watoto wanalala wanne kitanda kimoja, wanakula sinia moja, wanawaamkia watu mtaa mzima, na mtoto wa kukaa peke yake peke yake anakuwa mbinafsi. Na Kiswahili chenyewe kinambeba mama, neno nafsi tumelizalishia ubinafsi, yani kama mtu akiwa na nafsi yake tu tayari ana kosa.

Mama ana hoja nzito kuliko dada anavyodhani. Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki 1934, alisema mtoto anaanza kwa kuongea na watu, halafu anaongea peke yake kwa sauti akiwa anacheza, mwisho ile sauti inazama ndani. Kwa hiyo hata hilo "moyoni" la binti lilianzia kwenye vinywa vya watu wengine. Na kuna utafiti wa Perner na wenzake wa 1994 ulioonyesha watoto wenye ndugu zaidi nyumbani wanawahi kuelewa kwamba mwenzako anaweza kuamini kitu ambacho sio kweli. Unaweza kujaribu mwenyewe, chukua boksi la dawa ya mswaki weka penseli ndani, mwonyeshe mtoto, lifunge, muulize bibi akija atadhani kuna nini humu. Wa miaka mitatu wengi watakwambia penseli, kwa sababu anachokijua yeye anaona kila mtu anakijua, kwenye minne mitano hivi ndo wanaanza kusema dawa ya mswaki. Na shule ya hayo mambo ni sinia, usipojua mwenzako anawaza nini nyama imeshaondoka.

Kuna kipimo kingine maarufu, mtoto anapakwa alama usoni bila kujua anawekwa mbele ya kioo, akiigusa wanasema amejitambua, na huko Marekani wengi wanaigusa kati ya miezi 18 na 24. Mwaka 2011 yakachapishwa majibu ya Kenya, watoto 82, waliogusa wawili tu, na wengine walikuwa wanakaribia miaka sita. Ukisoma haraka haraka utasema watoto wetu hawajijui, lakini watafiti wenyewe waliona wengi wameganda tu wanajitazama, na hawakuamini kwamba ni kwa sababu hawajitambui. Mtoto aliyekua anapakwa wanja na kuambiwa usifute, mi simshangai.

Ila huko kuganda ndo kunakonipa wasiwasi kuhusu upande wa mama. Mtoto wa kaka angu analelewa pale pale Temeke, ana miaka sita, bibi yake akiwa na huzuni anajua kabla ya mtu yeyote, atamletea maji na kukaa karibu nae kimya. Lakini muulize unataka soda gani, anaangalia kwanza uso wa mkubwa aliyepo halafu ananong'ona "yoyote". Nimemuuliza hata tukiwa wawili tu dukani, friji iko wazi mbele yake, bado yoyote. Anajua ya watu wote, ya kwake hayajui, na mi hilo linaniuma.

Dada nae asijipigie makofi. Nikienda Goba mlango wa chumba umefungwa na tableti inapiga katuni toka asubuhi, hapo mtoto hajiongeleshi, anaongeleshwa.

Kwenye wingi wa watu mi nipo na mama kabisa, ila kwenye ile "sema tusikie" nipo na dada, kwa sababu kitanda cha watu wanne hakimnyimi mtoto moyo wake, kinachomnyima ni sisi wakubwa kutaka kila kilichomo kitolewe hadharani, akinyamaza tunauliza unanuna nini, akificha kifuniko chake cha soda chini ya godoro tunakileta sebuleni tucheke.

Na mama anaweza, nimemwona. Jioni ileile alimkalisha binti katikati ya magoti akawa anamsuka twende kilioni, mtoto katulia anaongea peke yake chini chini, midomo inacheza, mara anatabasamu. Nikategemea mama atauliza unasema na nani. Hakuuliza, alimgeuza kichwa taratibu kwa vidole viwili, akaendelea kusuka.