Shilingi 3,600 kwa mkupuo

Jioni, kabla ya kufunga kibanda, mama ninayenunua kwake sukuma wiki huzigawa pesa za siku mafungu mafungu. La kwanza ni la stoki ya kesho, maana bila hilo hakuna kesho. La pili ni la chama, kikundi chao cha kuweka akiba. La tatu ni la kodi ya nyumba, na hilo hulifunga kwa raba. Kinachobaki ni chakula cha usiku huo na nauli. Nilipomuuliza kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, alisema amejiandikisha, amejibu maswali yote, ila hajalipa. “Mwanangu, nikiitoa hiyo yote leo, kesho nitapanga nini hapa?”

Namtanguliza yeye kwa sababu katika mjadala wetu kuhusu bima ya afya ya serikali, watu kama yeye ndio wanaosemewa vibaya. Upande mmoja unasema kila mwenye kipato achangie. Upande wa pili unasema matibabu yagharamiwe kwa kodi, bila mwananchi kudaiwa mchango juu yake. Huu wa pili hubandikwa jina la wapenda vya bure, na mazungumzo huishia hapo. Naona wamedhulumiwa.

Wanaotetea mchango wana hoja nzito, na baadhi nazikubali. Chini ya NHIF, bima ya serikali iliyotangulia SHA, aliyelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi alikatwa 750, na aliyelipwa 500,000 akakatwa 1,700. Tangu Oktoba 1, 2024, wote hukatwa asilimia 2.75: wa kwanza anatoa 550, wa pili 13,750. Kwa walioajiriwa, hayo ni marekebisho ya haki ambayo yalichelewa mno. Tena mchango una mahali pake maalumu, haugombanii fungu na barabara wala ulipaji wa madeni ya nchi. Aliyechanga anaweza kusimama mbele ya kaunta na kusema hii ni haki yangu, sikuja kuomba.

Tatizo ni kwamba mpango huu umefikiriwa kwa mtu mwenye payslip, halafu ukanyooshwa umfikie asiye nayo. Na asiye nayo ndiye Mkenya wa kawaida: zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa nchi hii wako katika sekta isiyo rasmi. Huyu hupimwa uwezo kwa maswali kuhusu paa la nyumba yake, kuta, choo na anachopikia, kisha huambiwa kiwango chake. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukiisikia hivyo, ni kidogo. Nimewasikia watu wenye nia njema wakisema hiyo ni chini ya bei ya mkopo wa simu wa wiki moja, basi asiyelipa ni mzembe tu.

Lakini halipi 300. Anatakiwa alipe ya mwaka mzima mbele, yaani 3,600, kwa mkupuo. Mwajiriwa anakatwa kidogo kidogo kabla hata pesa haijamfikia, wala haihisi ikitoka. Mama wa sukuma wiki, ambaye kipato chake huja kwa siku na huisha kwa siku, ndiye anayedaiwa kwa mwaka. Masharti magumu zaidi ya malipo amepewa mwenye pesa isiyotulia kuliko zote. Na hizo ni 3,600 za kiwango cha chini; maswali yakimwona ana paa la mabati mazuri, inaweza kuwa zaidi.

Fuatilia kinachotokea baada ya hapo. Hana 3,600 akiwa mzima, kwa hiyo anangoja. Mtoto anapoanza kuhema kwa shida usiku, anafika hospitalini, anaulizwa kama amelipa, na hapo ndipo chama, dada na majirani wanapigiwa simu. Zinapatikana, mtoto anatibiwa, na kwenye hesabu za serikali amehesabiwa mwanachama aliyechangia. Kilichotokea hasa ni kwamba amelipia mlangoni, kama enzi za ada ya hospitali, ila sasa risiti imeandikwa bima. Wazo zima la bima ni kwamba wazima wengi huwabeba wagonjwa wachache. Mfuko unaopokea pesa za wagonjwa peke yao hauna wa kumbeba mtu, na utapungukiwa hata ukisimamiwa na malaika. Ndiyo maana idadi ya waliojiandikisha, inayotangazwa kwa fahari kila mara, hainitulizi. Ninayoitafuta ni ya waliolipa wakiwa wazima, na katika sekta isiyo rasmi pengo kati ya hizo mbili ni kubwa mno.

Serikali yenyewe imelikiri hili kwa vitendo. Imeleta Lipa SHA Pole Pole, mkopo unaomwezesha mtu kulipiwa mwaka kisha arudishe kidogo kidogo. Ni afadhali kuliko kungoja ugonjwa. Hata hivyo, ni kumkopesha mama huyu ili anunue haki ambayo Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema tayari ni yake.

Thailand iliwahi kupita njia hii. Kwa miaka mingi ilikuwa na kadi ya hiari kwa walio nje ya ajira rasmi, baht 500 kwa kaya, serikali ikiongeza sehemu yake. Waliokimbilia kuinunua walikuwa wale waliojua watahitaji matibabu. Mwaka 2002 wakaacha kumfuata mkulima kwa mchango, wakagharamia kwa kodi na kumtoza baht 30 kila alipokwenda hospitali. Walioajiriwa waliendelea na mipango yao. Waliosalia, karibu robo tatu ya nchi, wakabebwa na Hazina. Ghana nayo, ilipopitisha sheria yake ya bima ya afya mwaka 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, na tozo hiyo ndiyo iliyokuja kuubeba mfuko kuliko ada za wanachama.

Na hapo neno “bure” linapoteza maana. Mama wa sukuma wiki analipa kodi. Mafuta ya lori linaloleta mboga zake yana VAT, iliyopandishwa hadi asilimia 16 mwaka 2023. Kila anapotuma pesa kwa simu kulipia stoki, ushuru wa asilimia 15 umo ndani ya ada anayokatwa. Anachangia kila siku, kwa namna inayolingana na pesa yake: kidogo, kila anapoitumia. Wanaotaka afya igharamiwe kwa kodi wanaomba mchango huo nao uhesabiwe.

Hofu ya wanaotetea mchango naielewa, na ni ya kweli. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya kitaifa uliosukumwa na Waziri wa Afya Charity Ngilu, na Rais Kibaki akakataa kuutia saini; gharama ndiyo iliyoutisha upande wa Hazina. Desemba 2018 matibabu bila malipo yalianza kwa majaribio Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Watu walifurika, na majaribio hayakuenea nchi nzima. Tangu Azimio la Abuja la 2001 tuliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na hatujaifikia. Hazina inayochelewesha pesa za kaunti inaweza kuchelewesha na za dawa. Huduma isiyo na dawa haimsaidii mtu yeyote, hata ikiwa hailipiwi.

Ila hofu hiyo inatutaka tuweke sheria ya kuilinda pesa ya afya ndani ya bajeti. Haitoshi kutufanya tuendelee kumdai mama huyu 3,600. Mlango wenyewe umeshafunguliwa: huduma za zahanati na vituo vya afya zinatakiwa kugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi unaotokana na kodi, na sheria ya 2023 inaitaka serikali imlipie asiyejiweza. Kinachobaki ni kuamua mstari wa kutojiweza unapita wapi. Leo unapita chini sana, mahali ambapo aliye na kibanda na paa la mabati huonekana tajiri. Wabunge wanaweza kuusogeza hadi umjumuishe kila asiye na mshahara wa kukatwa, na waajiriwa tuendelee na asilimia 2.75 yetu. Nimekatwa yangu mwezi huu. Fungu la raba la yule mama limeongezeka noti mbili, na ni la kodi ya nyumba.