Nyanya na Hoho Pwani: Nailoni au Neti?

Kitalu nyumba, yaani nyumba ya kuoteshea mimea (greenhouse), kilibuniwa katika nchi za baridi, na kazi yake huko ni kuzuia joto lisitoroke. Mkulima wa Kibaha au Tanga hana upungufu wa joto, na bado anauziwa nyumba ileile ya nailoni, mara nyingi ya mita 8 kwa 15, kwa ahadi kwamba atavuna nyanya mwaka mzima.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Masika yakishika, nyanya za shamba la wazi hulowa majani kutwa kucha, bakajani huingia, mzigo hupungua sokoni na bei ya tenga hupanda; aliye na paa huvuna wakati huo huo wenzake wanapong'oa mimea. Kuta za neti yenye matundu madogo humzuia inzi mweupe, msambazaji wa virusi vya kukunjamana majani, na humzuia pia kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, aliyefika Kenya na Tanzania mwaka 2014 na kuwafundisha wakulima kupiga dawa kupita kiasi.

Lakini ingia humo saa saba mchana mwezi wa Januari. Jasho hukutoka kabla hujafika tuta la pili, na chini, juu ya mipira ya kumwagilia kwa matone, utaona maua ya manjano yaliyokauka na kudondoka pamoja na vikonyo vyake. Joto likipita nyuzi 32 hivi, chavua ya nyanya hudhoofika, na usiku wa Pwani usiopoa hauipi nafuu. Ugumu ni kwamba neti inayomzuia inzi ndiyo inayozuia upepo, na ua la nyanya, ingawa hujichavusha lenyewe, linahitaji kutikiswa. Ndiyo maana wakulima makini hupita asubuhi wakigonga kamba zilizoshikilia mimea, kazi ambayo muuzaji wa nailoni huwa haisemi.

Udongo nao una lake. Nyumba haihamishiki, hivyo nyanya hurudi tuta lilelile msimu baada ya msimu mpaka mnyauko bakteria unapotia mizizi. (Kata shina la mmea ulionyauka, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi; ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, umeupata.) Kubadilisha nyanya kwa hoho hakusaidii, kwa kuwa ni za ukoo mmoja.

Kwa maoni yangu, kosa haliko katika kufunika, liko katika kifuniko chenyewe. Lushoto, ambako usiku ni wa baridi, nailoni ina kazi. Pwani ningeiweka juu tu, paa liwe refu na lenye upenyo wa kutolea hewa moto, kuta zote ziwe neti, na miezi ya kaskazi niongeze neti ya kivuli inayopunguza jua kwa asilimia 30 hadi 40. Tena ningeanza na hoho. Nazo hudondosha maua kwa joto, ila tunda lake huungua vibaya likipigwa na jua, likatoka baka jeupe kama karatasi, kwa hiyo kivuli hulinda kile hasa kinachouzwa. Hoho nyekundu na za njano hoteli hununua kwa kilo, ilhali nyanya, masika yakiisha, itabidi ishindane na matenga yanayoshuka kutoka Ilula, mkoani Iringa, yaliyolimwa bila hata futi moja ya nailoni.