Degu hali zabibu, Dodoma anafuata nini?

Jamani, panya mimi ninao tayari. Wako darini, kodi hawalipi, na ikifika saa sita usiku wanaanza kuhamisha samani. Sasa binti yangu Neema ananijia na simu: "Baba, tufuge degu."

Degu ndiyo nini? Naangalia, panya! Masikio mapana, mkia una kishungi nchani, meno ya rangi ya chungwa. Kwao Chile, Amerika Kusini. Yaani wazawa tunawategea sumu, halafu tuagize wa ng'ambo. Na mke wangu, ambaye akiona panya jikoni hupanda juu ya stuli, safari hii eti, "Mbona mzuri, Baba Neema?"

Basi nikasema nisiwe mkali, nisome kwanza. Nilichoka. Mnyama huyu sukari haiwezi kabisa, kisukari kinamkamata upesi, macho yanaota mtoto wa jicho. Kwa hiyo zabibu hali. Dodoma! Mgeni anashuka tu kwenye basi ameshawekewa zabibu dirishani, huyu anasema daktari amemkataza. Karanga nazo zina mafuta mno. Anataka majani makavu. Mwezi wa kumi hapa kwetu majani hayo hata ng'ombe wanayasikia kwa jirani.

Peke yake hakai, anaugua upweke. Lazima wawe wawili au zaidi. Ukichanganya dume na jike, mimba ni miezi mitatu hivi, kisha wanashuka watano, sita. Na wanaishi miaka 5 hadi 8. Neema yuko darasa la sita. Akienda bweni, atakayebaki anafagia kinyesi ni nani? Msinijibu.

Kizimba cha mbao anakitafuna, cha plastiki anakitafuna, maana meno yake hayaachi kukua. Kinatakiwa cha chuma. Fundi wa kuchomelea alivyonitajia bei nikamuuliza kama amesikia nafuga simba. Mkia nao haushikwi: ngozi inavuka na haioti tena. Mdogo wake Neema paka wote wa mtaa anawafahamu kwa mikia.

Hapo Morogoro kuna panya buku wanafundishwa kunusa mabomu. Mmoja, Magawa, alipelekwa Kambodia, mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu. Huyo panya alikuwa na ajira! Degu kazi yake kulia vilio vya kila aina na kukutazama mchana kutwa.

Kitu kimoja tu kilinifurahisha: haogi maji, anagaagaa vumbini. Nikasema hapo sawa, maji yetu ni ya mgao lakini vumbi halijawahi kukatika. Neema akanirekebisha: si vumbi la barabarani, ni mchanga maalumu, laini, unauzwa. Ninunue vumbi. Mimi, mkazi wa Nkuhungu, nitoe pesa mfukoni ninunue vumbi!

Nikaona dawa ni mwenye nyumba. Yule hata kuku hataki, atakataa yeye, mimi nibaki baba mwema. Nikampigia, simu nimeweka spika wote wasikie.

"Wanatumia maji mengi?"

"Ya kunywa tu, mzee. Kuoga wanaoga vumbi."

Akanyamaza kidogo. "Walete. Na ninyi wengine muige."